Kinu Kisicho na Gurudumu, na Mlima wa Mdogo Wangu

Asubuhi ambayo mlima ulimshukia mdogo wangu, mimi nilikuwa nimekaa mbele ya skrini katika nchi ya baridi, nikitazama joto likipanda. Ndiyo kazi yangu. Ninapima joto la mtambo ambao bado uko katika majaribio, na mtambo wenyewe sijawahi kuugusa ukiwa moto. Uko nyuma ya ukuta mnene wa zege, na sisi tuko upande huu na nyaya zetu.

Ni kinu cha nyuklia, lakini si kama vile ambavyo watu wamevizoea kwenye picha. Vile vikubwa vinachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, na gurudumu linazaa umeme. Chetu hakina maji wala gurudumu. Ndani yake mna mirija myembamba kama vidole vya mtu mzima, na kila mrija una kuta mbili za metali, mmoja ndani ya mwingine, zikiachana kwa nafasi nyembamba kuliko ukucha. Ukuta wa ndani unapashwa moto mpaka unang'aa. Ukiwa moto kiasi hicho, chembe za umeme zinachomoka juu yake, zinaruka ile nafasi, na ukuta wa nje, ambao tunaupoza, unazipokea. Kule kuruka ndiko umeme wenyewe. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachopiga kelele. Ukisimama karibu na chumba cha majaribio huwezi kujua kama mtambo umewaka au umezimwa.

Wakati ule tulikuwa hatujatia fueli ya nyuklia. Kabla ya kufika huko, mahali pa fueli tunaweka vipasha joto vya umeme, tuone kama kuta zinavumilia, kama mirija haipasuki, kama umeme unatoka kama tulivyotarajia. Majaribio ya namna hiyo yanakwenda kwa wiki nyingi, na kwa sehemu kubwa ni kukaa na kutazama.

Ukuta wa nje wa kila mrija umetengenezwa kwa metali inayoitwa niobi. Mara ya kwanza nilipolisoma jina hilo kwenye mchoro wa mtambo, niliinuka nikaenda kunywa maji. Niobi ni mojawapo ya metali mbili zinazojificha ndani ya koltan, mawe meusi yanayochimbwa mashariki mwa Kongo, na mimi ni mtoto wa huko, wa Masisi.

Nilizaliwa kwenye shamba la familia ya mama, juu ya kilima, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa chini yako na ng'ombe wa jirani wanatokea ndani yake mmoja mmoja. Tulilima maharage, mahindi na viazi. Mama alikuwa mtu wa kanisa na bado ni mtu wa kanisa. Baba alitoka upande wa msitu, Ntoto, katika Walikale. Alikuja Masisi kuuza nyama ya kukausha na mawese, akamwona mama, akabaki. Vita vilipopanda kilima chetu tulishuka sote kwenda kwa watu wake, tukajifunza kuishi chini ya miti. Mdogo wangu ndiye aliyezoea haraka. Mimi niliendelea kuutafuta upeo wa macho, na kule msituni haupo.

Nilipenda fizikia kwa sababu mwalimu wetu wa sekondari alikuwa hapendi kukariri. Baadaye nilisoma chuo katika mji mkuu. Huko nilionyeshwa kinu kidogo cha utafiti kilichokuwa kimezimwa miaka mingi, kikiwa kimelala ndani ya maji yake kama kitu kinachosubiri kuitwa. Nikapata nafasi ya kusoma ng'ambo, na baada ya masomo nikapata kazi hii.

Mdogo wangu hakumaliza shule. Vijana wa rika lake walikuwa wanakwenda kwenye karyeri, machimbo ya koltan, naye akaenda nao. Kuna kilima kimoja kati ya Kibua na Ntoto ambacho kilikuwa msitu nilipokuwa msichana. Sasa ni udongo mwekundu uliotobolewa kila mahali. Hapo ndipo alipokuwa anachimba. Kila alipopata mtandao alikuwa ananipigia, na nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia maji yakimwagwa na watu wakiitana.

"Dada, ile mashine yenu imeisha kupika?" alikuwa ananiuliza. Majaribio yetu aliyaita kupika, na umeme kwetu unaitwa kuran.

"Bado."

"Inapika nini sasa, kama haina hata maji?"

"Inapika kuran peke yake."

Alicheka kabla hata sijamaliza, kama kawaida yake. Siku moja alitaka kujua mashine imejengwa kwa vitu gani, nami nikamweleza. Nilipotaja niobi na koltan alinikatiza.

"Kumbe tunajengaka mashine moja, miye na weye."

Nilimwambia kwamba metali nyingi ya aina ile inatoka nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari, na kwamba koltan ya kwetu watu huitafuta zaidi kwa ajili ya ile metali yake ya pili. Hakunisikiliza, au alisikia akachagua. Jioni ile ile alimsimulia baba, na baba akawasimulia watu baada ya ibada. Tangu hapo ikawa ni jambo linalojulikana Ntoto, kwamba mtoto mmoja anachimba na mwingine anapika.

Kuhusu ile asubuhi, mama ndiye aliyenipigia. Mama hapigi simu saa za kazi. Nilitoka ukumbini nikasimama kwenye korido.

"Mulima umeanguka," alisema. "Mvua ilinyesha siku zote hizi. Walikuwa ndani."

"Yeye naye?"

"Yeye naye."

"Wanachimbua?"

"Wanachimbua, lakini udongo ungali unashuka. Watu wanaogopa." Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, "Papa yako amekaa chini. Hasemi."

Nilirudi ndani nikamwambia mkuu wetu. Ni mama mzee, mhandisi, mtu wa maneno machache. Alivuta kiti akakaa kwenye nafasi yangu, akaniambia niende. Mtambo uliendelea kupashwa moto. Hawakuusimamisha, na sikutaka wausimamishe. Nilikaa chumbani kwangu na koti mwilini mpaka giza likaingia, simu mkononi, na habari zilizokuja zilikuwa ni zilezile. Baada ya siku chache waliacha kuchimbua. Alibaki ndani ya kilima pamoja na wenzake.

Sikuweza kusafiri mara moja. Barabara zilikuwa zimefungwa, halafu zikafunguliwa, halafu zikafungwa tena. Ilipita misimu miwili ya mvua kabla baba hajanipigia yeye mwenyewe.

"Tunataka kuondoa matanga," alisema. "Muntu hawezi kukaa hivi, hajazikwa, hajatolewa. Ukoo wangu wanasema, kama mwili haupatikane, tunazika mugomba mahali pake, na kitu kimoja cha mikono yake. Mama yako hapendi mambo ya mugomba. Sasa nimefikiri. Weye ulete kachuma kadogo ka ile mashine. Kile alichimba. Tutazika hicho, na mama yako hatakuwa na la kusema, sababu chuma si mambo ya wazee."

Nilimweleza mkuu wangu nikitegemea atakataa. Alinyanyuka, akaenda karakana, akarudi na kipande cha mrija kilichokatwa, kifupi kama kidole gumba. Kilitoka kwenye mrija wa majaribio ya vipasha joto, ambao haukuwahi kukaribia fueli ya nyuklia hata kidogo. Alikipima mbele yangu kwa kifaa cha mionzi, mara mbili, ili nilale kwa amani. Nikaenda pia kwa mwenzetu anayeagiza metali, nikamwuliza kama inaweza kujulikana imetoka mlima gani. Alinieleza kwa upole kwamba metali ile inapita kwenye tanuru nyingi, inachanganywa, na akisema kweli anadhani hakuna hata chembe ya Kongo ndani yake. Lakini kuapa hawezi.

Nilikifunga kile kipande kwenye kitambaa, nikasafiri.

Kutoka Goma nilichukua moto, pikipiki ya kukodi, kwa sababu mvua zilikuwa zimeharibu barabara na magari hayakuwa yanapanda. Motari wangu alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, aliyeendesha kwa uangalifu na kuniambia kila mara nishuke penye utelezi. Tulipita Sake, tukapanda Masisi, tukalala huko kwa dada ya mama, na kesho yake tukaelekea Kibua. Milima ilikuwa ya kijani kama nilivyoikumbuka, lakini nyumba nyingi zilikuwa hazina mapaa, na mahali pa masoko niliyoyajua palikuwa na hema.

Kabla ya Kibua kulikuwa na bariere, mti uliolazwa juu ya magogo, na watu wenye silaha wamekaa kando ya babula, jiko la makaa, wakichoma mahindi. Waliangalia mfuko wangu. Mmoja akafungua kitambaa, akatoa kile kipande, akakipima kwa kukirusharusha mkononi. Kule kwetu hata askari anajua uzito wa mawe.

"Hii iko nini?"

"Ni chuma."

"Chuma gani? Hii haina kutu." Akamwita mkubwa wao.

Mkubwa alikuwa mwanaume wa makamo, amevaa koti la mvua na kandambili. Alikigeuzageuza kipande, akachungulia ndani yake kama mtu anayeangalia njia.

"Mama, unatorosha mali ya nchi?"

"Ninairudisha," nilisema. Haikuwa busara, lakini ndivyo nilivyojibu.

Hakucheka. Alitaka kujua ninafanya kazi gani, na nilipotaja nyuklia motari wangu aliinamisha kichwa. Mkubwa alikiweka kile kipande chini, polepole, juu ya gogo, na mmoja wa vijana wake akarudi nyuma.

"Kwa hiyo iko bombe."

"Hapana, Papa. Ile si kazi ya bombe. Ni ya kutoa kuran ndani ya moto." Nilichuchumaa karibu na babula yao. "Angalia makaa haya. Yana joto, lakini joto linapanda juu linapotea. Sasa fikiri kuko kuta mbili ndogo za chuma. Moja tunaipasha mpaka inakuwa nyeupe. Ya pili tunaipoza. Katikati hakuna kitu. Kuran inaruka kutoka ya moto inakwenda kwa ya baridi, tunaikamata na nyaya. Hiki kipande kilikuwa ni ile ya baridi. Kazi yangu ni kuangalia kama haichoke."

"Na huo moto unatoka wapi, kama si makaa?"

"Mwishoni utatoka kwa uranium. Wakati wa hiki kipande ulitoka kwa umeme tu, kwa kujaribu. Hiki hakijaona uranium. Ningekuwa nakibeba mfukoni mwangu?"

Alifikiri. "Basi mutu anaweza kukipeleka wapi kama si kukiuzisha?"

Kabla sijajibu niliona baba anakuja barabarani kutoka upande wa Kibua. Alikuwa amelala huko akinisubiri, na watu waliotutangulia walimwambia kuna mwanamke amesimamishwa. Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake ya kwenye simu. Alikuja na fimbo, akasalimia wote, na wa mwisho akanisalimia mimi, kwa kunishika tu kwenye bega.

"Hicho ni cha kuzika mutoto yangu," alimwambia yule mkubwa. "Alikufa kwa karyeri. Hatukumupata."

"Ile yenye ilianguka kwa mvua?"

"Ile."

Mkubwa alikichukua kipande kwenye gogo, akakifuta kwa ncha ya koti lake, akampa baba. Hakunipa mimi. "Mupite," alisema. Akamwambia kijana wake aondoe mti.

Tulitembea sehemu ya mwisho kwa miguu, baba na mimi, motari akitangulia na mzigo. Baba alikishika kile kipande muda wote. Hakukiangalia. Nilijua kwamba lazima nimwambie, na nilitaka nimwambie mama akiwepo.

Nyumbani mama alinipa maji ya kuoga, akanipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniacha nile bila kuniuliza kitu. Nilipomaliza alikaa mkekani na baba akakaa kwenye kiti chake. Kipande kilikuwa mezani.

"Papa, nilikwenda kuuliza," nilisema. "Kwa mutu mwenye anaagiza hizi metali. Anasema hii haitoke huku. Anafikiri inatoka nchi ingine, mbali. Hawezi kuapa, lakini njo vile anafikiri. Na miye pia nafikiri vile."

"Hawezi kuapa."

"Hapana."

"Basi inaweza kuwa."

"Inaweza kuwa kidogo sana. Kama ningekuambia njo yenyewe, ningekuwa nakudanganya."

Mama ndiye aliyesema. Nilidhani atafurahi kwamba mambo ya mgomba na ya chuma yameanguka yote mawili, lakini haikuwa hivyo. Alikichukua kile kipande, akakiingiza kwenye kidole chake kama pete, kikakwama kwenye kifundo.

"Alikuwa anasema munajenga mashine moja," alisema. "Alikuwa anafurahi sana na ile neno. Akirudi kwa karyeri amechoka, anasema, leo dada yangu nimemutafutia mingi."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimelia ng'ambo, lakini ilikuwa kama kulia kwa niaba ya watu wengine. Mama aliniacha. Baba aliinuka akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu.

"Tusizike kitu hatujui," alisema baadaye, bila kugeuka. "Kama si yeye, tutakuwa tumezika chuma cha watu, na yeye angali pale juu peke yake. Kesho tupande. Tumukute pale alipo."

Mama akauliza, "Na mugomba?"

"Mugomba ubaki kwa shamba."

"Basi nitamwita pasta."

"Mwite. Na miye nitasema yangu kwa lugha yetu. Pasta atasubiri nimalize."

"Atasubiri," mama alisema.

Asubuhi tulipanda. Tulikuwa sisi watatu, pasta, na majirani wachache ambao watoto wao nao walibaki mle. Njia inapita kwenye mashamba ya muhogo, halafu mto, halafu miti inakwisha ghafla. Sikuwa nimekiona kile kilima tangu kilipotobolewa. Upande mmoja ulikuwa umemeguka wote, kama mkate uliokatwa, na chini yake palikuwa na lundo la udongo ambalo majani yameanza kuota. Kando ya lundo lile kulikuwa na mashimo mapya, na watu ndani yake.

Wakreseri, wachimbaji wa pale, walituona tukija na nguo zetu za kanisani. Mmoja alipiga mluzi kuelekea chini na wengine wakaanza kutoka, wekundu kwa matope mpaka kwenye kope. Hawakuambiwa. Walizima ile mashine ya kuvuta maji, wakasimama.

Baba alitangulia juu ya lundo mpaka mahali alipoona panatosha. Alivua viatu. Alisema kwa lugha ya watu wake, na mimi lugha ile naielewa zaidi kuliko ninavyoisema. Alimwita mdogo wangu kwa jina lake la ukoo. Alimwambia kwamba hakukosewa heshima, kwamba walichimbua mpaka udongo ukawakatalia. Alimwambia dada yake amefika. Alimwambia asiogope kukaa hapo, kwa sababu ardhi ile ni ya watu wake, na watu wake wamejua alipo. Kisha akaokota viatu vyake, akashuka. Pasta alisoma, akaomba. Mama alianzisha wimbo na wakreseri wengine wakauitikia, maana wengi wao wamekulia kwenye kanisa hilohilo.

Tulipomaliza, hakuna aliyejua aondoke vipi. Baba aliingiza mkono mfukoni akatoa kile kipande cha mrija. Sikujua kama alikuja nacho. Alimpa mkreseri aliyekuwa karibu.

"Muangalie," alisema. "Ni ya kazi ya binti yangu. Si ya huku, anasema. Lakini ya huku nayo inakuwaka hivi wakiisha kuipika."

Kipande kilipita mkono kwa mkono. Wengine walikifuta matope yao, wakaona yanazidi, wakacheka kidogo. Mmoja alikigonga kwa jino. Walikuwa wamechimba miaka yote na hakuna aliyekuwa ameona mawe yao yanakuwa nini mwishoni, isipokuwa kusikia kwamba yanaingia kwenye simu.

"Njo hii?" mmoja aliniuliza. "Sisi tunaona tu muchanga mweusi."

"Ndugu yake," nilisema. "Ndani ya mchanga mweusi kuko ndugu yake hii."

"Inafanya nini?"

Nikaeleza tena, kama kwenye bariere, lakini safari hii sikuharakisha. Nilieleza joto, na ukuta wa moto, na ukuta wa baridi. Niliwaambia kwamba mashine ya namna hiyo inafikiriwa kwa ajili ya vyombo vinavyokwenda mbali angani, ambako jua halitoshi, na pengine siku moja kwa mahali ambapo nyaya za umeme hazifiki.

"Kama huku," alisema yule.

"Kama huku."

"Itafika?"

Niliangalia lundo la udongo, niliangalia mashimo mapya. "Sijui," nilisema. "Si sasa. Miye niko kwa kujaribu tu. Wale wa kujaribu hawaamue inakwenda wapi."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia njia akaambiwa ni mbali. Kipande kilirudi kwangu kikiwa chekundu. Baba aliniambia nikirudishe kwa wenyewe. Tulipofika kwenye mto, nyuma yetu nilisikia mashine ya maji inawashwa.

Nilikaa nyumbani mpaka matanga yakaisha. Baba alinyoa. Mama alifua nguo za mdogo wangu akazigawa, na shati moja akalibakiza. Tulikwenda shambani pamoja, tukaongea juu ya muhogo na juu ya ndugu wa Pinga waliokosa njia ya kuja. Nilirudi kwa barabara ileile. Kwenye bariere walikuwa watu wengine, hawakuniuliza kitu.

Majaribio ya fueli yenyewe yalifanyika mwaka uliofuata. Siku hiyo watu wengi walikuja, wengine wakiwa na suti, wakaketi nyuma yetu. Mkuu wetu alisoma hatua moja baada ya nyingine kwa sauti kavu, na baada ya kila hatua alitusubiri. Mimi nilikuwa na nyaya zangu za kupima joto kwenye ukuta wa nje wa kila mrija. Moto ulipoanza kule ndani, moto wa uranium sasa, si wa umeme, nilichoona ni namba tu zinazopanda, polepole, kama zilivyopanda kwa vipasha joto. Kisha taa iliyounganishwa na mtambo ikawaka, mbele yetu mezani. Ilikuwa ni taa ndogo tu, na mwanga wake haukutikisika. Watu waliokuwa nyuma walipiga makofi. Mkuu hakugeuka.

Sikupiga makofi. Nilikuwa nauangalia mrija mmoja wa pembeni ambao joto lake lilikuwa linapanda kupita wenzake. Nilisema. Mkuu aliuliza kwa kiasi gani, nikamjibu, akaniuliza kama nina hakika na waya wangu, nikasema nina hakika. Tukaendelea kuuangalia. Ulipofika kwenye kikomo tulichokuwa tumekubaliana, mtambo ulijizima wenyewe kama ulivyopaswa, na ile taa ikafifia ikazimika. Waliokuja na suti walifikiri tumeshindwa. Mkuu aliwaeleza kwamba mtambo uliojua kujizima ndio waliokuja kuuona, na kwamba mrija uliochoka utatuonyesha mahali pa kurekebisha.

Jumapili nilimpigia baba. Nilimwambia tumepika.

"Kuran ilitoka?"

"Ilitoka. Taa iliwaka. Halafu mrija mumoja ukachoka, ikajizima."

"Mutu alikufa?"

"Hapana, Papa. Hakuna hata mumoja aliumia."

Nilisikia kuku, na mtu anatwanga.

"Hiyo ni vizuri," alisema. "Mama yako ananiuliza unakula. Nimujibu nini?"

"Umwambie ninakula."

"Umwambie weye mwenyewe," alisema, na nikasikia anatembea na simu kuelekea kwenye kinu cha kutwangia, akimwita.